Niliharibikiwa ughaibuni, sasa nageuza ile miaka kuwa riwaya (uzi mrefu)

Koti la Kuazima (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mwenye haraka apite, hatutagombana. Nimeuandika uzi huu vipande vipande kwa wiki mbili, na najua kuna wenzangu humu wenye daftari chini ya godoro ambao hawajui waanzie wapi.

Niliondoka nikiwa na miaka 19, nikarudi nikiwa na 27, na katikati hapo sikutimiza hata kimoja cha vile vilivyonipeleka. Masomo niliyaacha muhula wa pili. Nililala kwa watu, nikalala stesheni, niliuza vitu visivyouzwa mchana, nikakaa mahabusu, mwisho nikarudishwa kwa ndege nikiwa nimekaa katikati ya maofisa wawili. Nchi siitaji. Niliowajua huko nao siwataji. Ninachotaka kusema hapa kinahusu kuandika tu.

Miaka minne sasa nahangaika kuigeuza ile miaka minane kuwa riwaya. Mswada wa kwanza ulikuwa kilio mwanzo mwisho. Kila ukurasa kuna mtu ananionea: mwenye nyumba, polisi, baridi, rafiki aliyenigeuka. Nikampa jamaa yangu mmoja asome. Akarudisha baada ya siku tatu akaniuliza, "Huyu kijana wako yeye hana mikono? Mbona kila kitu anafanyiwa?"

Nikaona sawa, nikageuza shati. Mswada wa pili nikawa mjanja wa mjini, nawatoroka polisi, naruka kuta, wanawake wananigombania. Huo ulisomeka haraka, na ndio ulionitia aibu zaidi, maana katika ile miaka minane sikuruka ukuta hata mmoja. Nilikamatwa nikiwa nimekaa.

Kilichonikwamua ni barua. Nilipokuwa huko nilikuwa naandika nyumbani, barua za karatasi, na dada yangu alizitunza zote. Ziko 31. Nilizisoma usiku mmoja na sikulala. Ndani yake kuna kijana anayefaulu mitihani, anayekaa chumba chenye dirisha linalotazama mto, ambaye mwalimu wake humkaribisha nyumbani siku za mapumziko. Kuna barua moja naeleza mahafali yangu. Mahafali! Nimeeleza joho, nimeeleza rangi yake, nimeeleza hata lilivyokuwa linanibana mabegani. Nikaitafuta tarehe ya barua ile katika karatasi za mahabusu nilizorudi nazo. Nilikuwa ndani, wiki ya tatu.

Yale mabega yanayobanwa ndiyo yaliyonimaliza. Nani alinituma niongeze mabega? Muongo wa kawaida angesema "nimehitimu" akafunga bahasha. Mimi nilikaa kwenye kitanda cha chuma nikatafuta kitu kidogo kitakachomfanya msomaji aamini, nikakipata. Basi riwaya ya kwanza ya maisha yangu nilishaiandika kule kule, ikiwa na msomaji mmoja, na msomaji huyo aliiamini. Miswada yangu miwili ilikuwa inasimulia mateso, wakati kisa chenyewe kilikuwa uongo.

Mswada wa tatu umekaa hapo. Kila sura inaanza na barua, kisha usiku ambao barua hiyo iliandikwa.

Sasa mnisikilize kwenye jambo la kumbukumbu, maana hapa watu wengi wanajidanganya. Mimi usiku niliokamatwa naukumbuka una theluji. Naiona kwenye mabega ya yule askari. Karatasi zinasema mwezi wa saba. Nilibishana na karatasi kama wiki hivi! Baadaye nikasoma kuhusu utafiti uliofanyika Marekani baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka tarehe 28 Januari 1986. Wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi waandike, kesho yake asubuhi, walikuwa wapi walipopata habari. Miaka miwili na nusu baadaye wakawauliza tena. Wengi walitoa kisa kilichotofautiana sana na cha kwanza, na walikuwa na uhakika nacho. Walipoonyeshwa walichoandika kwa mkono wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi.

Kwa hiyo nina mashahidi watatu: kichwa changu, barua, na karatasi za serikali. Wote watatu wana sababu ya kusema wanavyosema. Theluji sikuifuta. Kwenye kitabu ni mwezi wa saba, watu wamevaa mikono mifupi, na msimulizi anakumbuka theluji.

Mengine nitaongeza kadiri mtakavyouliza.

---

Nusu Hatua

Naweka kiti hapa mkuu. Hapo kwenye joho umeniua.

Ila swali. Kwa nini usiandike tawasifu moja kwa moja? Yametokea kweli, wewe ndiye uliyekuwepo, ushahidi unao. Kuita riwaya naona ni kama kujificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana.

---

Koti la Kuazima

Hiyo miguu inayoonekana nimeipenda, nitaiiba.

Jibu fupi: kwa sababu mengi siyajui. Yule bibi aliyenipangisha chumba alifikiria nini aliporudi akakuta droo wazi? Sikuwepo. Kwenye tawasifu ningelazimika kunyamaza au kudanganya. Kwenye riwaya nina ruhusa ya kuingia chumbani kwake nikae naye.

Jibu refu kidogo: jina unaloliweka juu ya jalada ni ahadi. Mfaransa Philippe Lejeune mwaka 1975 aliuita mkataba: mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu wakiwa na jina moja, msomaji amekubaliana nawe kwamba ni kweli. Miaka miwili baadaye Mfaransa mwingine, Serge Doubrovsky, akachapisha kitabu chenye jina lake mwenyewe ndani na juu yake akaandika riwaya, akaliundia zoezi hilo neno lake. Ubishi huo haujaisha mpaka leo na sina hamu ya kuumaliza.

Ila ukitaka kuona ahadi ikivunjika, mtazame Mmarekani James Frey. Kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu ulevi na dawa za kulevya kiliuzwa kama kisa cha kweli. Januari 2006 waandishi wa habari wakafukua rekodi za polisi: mahali alipodai kufungwa siku 87 alikaa saa chache tu. Mchapishaji akalazimika kuwarudishia fedha wasomaji waliolalamika. Mwenyewe alisema mwanzoni alikitembeza kwa wachapishaji kama riwaya. Maneno yale yale ndani ya jalada jingine yasingemdhuru mtu.

Mimi mtu aliyewahi kujitungia mahafali, unadhani naweza kusimama mbele za watu niseme "kila neno humu ni kweli"?

---

Chura Kiziwi

Samahani mleta uzi, mimi sitakupigia makofi kama wengine.

Siku hizi kila aliyeharibikiwa anataka kuwa mwandishi. Ulipotea, umerudi mzima, mshukuru Mungu ukae kimya ufanye kazi. Unataka vijana wasome uhuni wako wauone mtamu? Na walioumia kwa mkono wako wako wapi kwenye hayo maandishi yako ya mabega na joho? Umesema "droo wazi" kama mtu anayetaja hali ya hewa.

---

Koti la Kuazima

Ndugu Chura, hujakosea. Kwenye miswada miwili ya kwanza yule bibi hakuwemo kabisa. Nilikuwa na kurasa mia tatu za maisha yangu na mtu niliyemwibia hakupata hata mstari.

Alipoingia mswada wa tatu, aliingia vibaya. Nilimwandikia hivi: "Nikapanda ngazi, nikafungua mlango, nikavuta droo, nikachukua bahasha, nikashuka, nikaondoka." Isome kwa sauti. Inateleza, eh? Ile -ka- yetu ya masimulizi ni gari lisilo na kituo. Tendo linasukuma tendo, hakuna mahali msimulizi anashuka. Babu zetu waliitumia kusimulia sungura anavyomtoroka fisi na inafaa sana kwa sungura. Mimi ilinigeuza wizi wa mwanamke mzee kuwa mchezo.

Nikaivunja. "Nilivuta droo. Juu ya bahasha kulikuwa na miwani yake ya kusomea. Niliisogeza pembeni taratibu, isipate mkwaruzo." Basi, nikaishia hapo. Ile -li- na nukta zilinilazimisha nisimame pale droo ilipo, na niliposimama nikaikumbuka miwani, ambayo kwa miaka yote hiyo haikuwahi kunijia. Au niliitunga. Sijui, na karatasi za serikali hazisemi. Ninachojua ni kwamba mwizi anayejali miwani ya mtu huku anachukua kodi yake ya mwezi ndiye mimi, kuliko yule mjanja wa kuruka kuta.

Kuhusu vijana kuuona uhuni mtamu: kuna mahali ulikuwa mtamu. Nikisema haukuwa, nimeandika barua ya 32.

---

Bi Mkasi

Habari za humu. Mimi kazi yangu ni kuhariri, na nimepitisha mikononi miswada mingi ya namna hii. Mleta uzi, una jicho. Sasa nikukwaruze kidogo.

Kwanza, mpango wako wa barua mwanzoni mwa kila sura utakuchosha kabla haujamchosha msomaji. Sura ya kwanza atashtuka. Ya pili atatabasamu. Ya nne ameshajua: juu uongo, chini ukweli. Ukimfundisha mchezo wako mapema hivyo hatakuwa na cha kuogopa. Iweke sura ambayo barua ndiyo yenye ukweli na usiku ndio unaodanganya. Kati ya barua 31 hukosi moja uliyojisahau ukasema kweli.

Pili, nina zoezi ninalowapa waandishi wa aina yako na halina gharama. Chukua sura moja, badili kila ni- ya msimulizi iwe a-. Nililia iwe alilia, walinionea iwe walimwonea. Halafu soma. Sentensi zilizokuwa zinakuonea huruma zitaoza palepale, kwa sababu "alilia kwa uchungu usioelezeka" hakuna anayevumilia kumsomea mtu mwingine. Zifute. Ukimaliza rudisha ni- ukipenda. Wengine hawarudishi.

Tatu, wewe na mwandishi Jean Rhys mngepatana. Alizaliwa kisiwa cha Dominica mwaka 1890, akapelekwa Uingereza mwaka 1907 akiwa binti wa miaka 16. Chuo cha uigizaji alidumu mihula miwili, kama wewe. Akawa anazunguka na vikundi vya jukwaani, akampenda mwanamume mwenye uwezo, akaachwa. Uchungu wote akaumwaga kwenye madaftari akayaweka. Riwaya iliyotokana nayo, Voyage in the Dark, ilitoka mwaka 1934, kama miaka 20 baadaye.

Ila kinachonifurahisha zaidi ni kile cha Paris. Mumewe, Jean Lenglet, alifungwa jela. Rhys akaenda kuishi kwa mwandishi Ford Madox Ford na mwenzake, mchoraji Stella Bowen, na Ford akawa mpenzi wake humo humo. Wote wanne waliandika. Rhys alitoa riwaya mwaka 1928, Ford akatoa yake mwaka 1931, Bowen akaeleza upande wake katika tawasifu ya mwaka 1941. Mume naye aliandika riwaya, na aliyeitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1932, ni Rhys mwenyewe. Hebu fikiria umekaa mezani unatafuta neno zuri la kutafsiri tusi ulilotukanwa wewe.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla hujachapisha, hao wenzako wa stesheni nao wana kalamu.

---

Koti la Kuazima

Bi Mkasi, shikamoo. Hapo kwenye sura ya nne umenipata, kuna mtu mwingine alinilalamikia kuchoka na sikuelewa anachoka nini. Barua yenye ukweli ipo. Ni ya 17, ina mistari sita, nilikuwa nimeiruka kwa sababu "haina kitu".

Zoezi la a- nimelifanya jana usiku kwenye sura ya mahabusu. Kurasa 14 zimebaki 9. Nimeumia kama mtu aliyenyolewa kwa wembe butu.

Na a- imenisaidia kwa jambo lingine ambalo sikulitegemea. Nilikuwa na rafiki mle ambaye nilitaka kumficha asijulikane. Nikabadili kazi yake, nikabadili umri, bado anaonekana. Ndipo nikakumbuka kwamba Kiswahili hakitofautishi yeye wa kike na yeye wa kiume. Nikampa jina la kike. Sikugusa kitenzi hata kimoja! Sura nzima ikageuka: lile tukio la kugawana blanketi ambalo lilikuwa la kawaida tu sasa lina mvutano ambao sikuuandika. Imebidi niandike upya sura mbili zinazofuata ili zimtoshe huyo mtu mpya.

Kuhusu wenzangu kuwa na kalamu: mmoja nilimtafuta, nikamtumia sehemu inayomhusu. Nilimwandika mwizi, muongo, mtu aliyemtelekeza mwenzake mgonjwa. Nilikaa siku nne tumbo linaniuma. Akajibu: hayo yote sawa, ila kwa nini umeandika kwamba naimba vibaya? Hajanisamehe mpaka leo.

---

Wakili Asiye na Ofisi

Nimeona mnacheka na mambo ya kubadili majina, nikasema niweke neno. Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo kila mtu aulize wakili wa kwake. Kuna kesi mbili za Uingereza ambazo ukizijua utaacha kuamini kwamba jina la bandia ni kinga.

Mwaka 1908 gazeti moja lilichapisha kisa cha mzaha kuhusu mtu aitwaye Artemus Jones, mzee wa kanisa huko kwao, ambaye akifika Dieppe, Ufaransa, anastarehe na mwanamke asiye mke wake. Mhusika wa kubuni kabisa, walisema. Kumbe yupo wakili wa kweli mwenye jina hilohilo, na marafiki zake wakaapa mahakamani kwamba waliposoma walidhani ni yeye. Akapewa fidia ya pauni 1,750. Gazeti likakata rufaa mpaka ngazi ya mwisho, likashindwa. Kwamba hukumkusudia hakukusaidii kitu. Sheria yao imelainishwa tangu hapo, lakini fundisho lake bado lina meno.

Ya pili ni kinyume chake. Filamu ya Rasputin and the Empress, ya mwaka 1932, ilikuwa na binti wa kifalme aitwaye Natasha anayeharibiwa heshima na Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa karibu na ukoo wa kifalme wa Urusi. Irina Yusupov, binti wa kifalme wa kweli, mke wa mmoja wa waliomuua Rasputin, akasema huyo ni mimi. Jina si lake. Mahakama ikakubali kwamba watazamaji wangemtambua, na mwaka 1934 rufaa ya kampuni ya filamu ikatupwa. Fidia pauni 25,000. Baada ya hapo ndipo ile sentensi ya "wahusika wote ni wa kubuni" ilipoenea mwanzoni na mwishoni mwa kazi za watu. Sentensi nzuri, ila usiiegemee kama ukuta.

Kwa hiyo mmoja alitumia jina bila kumlenga mtu, mwingine alimlenga mtu bila kutumia jina, na wote wakalipa. Kinachoangaliwa ni kama wanaomfahamu watamtambua. Mleta uzi, huyo rafiki uliyempa jina la kike umemficha vizuri kuliko kama ungembadili jina tu.

---

Nusu Hatua

Uzi umekuwa darasa. Nina lingine linalonisumbua mimi binafsi, maana nami nina daftari.

Unaandika Kiswahili kuhusu mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaongea Kiswahili. Mazungumzo unayafanyaje? Nikiandika mwenye nyumba anaongea Kiswahili safi inakuwa kama ni shangazi yangu. Nikiweka lugha yao, msomaji haelewi, na nikitafsiri pembeni inakuwa kitabu cha mtalii.

---

Koti la Kuazima

Mkuu, hilo lilinichukua mwaka mzima, na nadhani ndilo gumu kuliko yote.

Shida yenyewe ni hii: kwenye Kiswahili mimi ni mtu mzima. Nina methali, nina kejeli, naweza kumwambia mtu neno asijue kama nimemsifu au nimemtukana. Kule miaka miwili ya kwanza nilikuwa na lugha ya mtoto wa miaka minne. Na nadhani nusu ya balaa langu lilianzia hapo. Mtu asiyeweza kufanya mzaha anaonekana mkali au mjinga. Asiyeweza kueleza sababu anaonekana anaficha. Nilipoulizwa na maofisa kwa nini nilikuwa na mzigo ule, maelezo niliyokuwa nayo kichwani yangejaza kurasa mbili. Mdomoni yalitoka maneno manne.

Nilijaribu kwanza kuuvunja upatanisho, kijana wangu aseme "kitu mzuri", "mtu kile". Msomaji akacheka kila mara alipofungua mdomo, hata kwenye sura ya mahabusu. Nikafuta.

Ninavyofanya sasa: akiongea lugha yao, sentensi zake hazivuki maneno manne, lakini kila neno ni sahihi. Akiwaza, namwachia Kiswahili chake chote, na mafumbo yake. Msomaji anayaona yote mawili kwenye ukurasa mmoja na anaona pengo. Wenyeji nao wanasikika kama alivyowasikia yeye. Mwanzoni mwenye nyumba anasema: "Chumba, kitu fulani fulani, Jumatatu, kitu fulani, ufunguo." Kadiri kurasa zinavyoenda vile vitu fulani vinapungua. Sura ya kumi bibi anasema sentensi nzima kwa mara ya kwanza, na ndiyo sura ya droo. Kwamba alikuwa mcheshi, kijana anakuja kulijua wiki ile ile anayomwibia.

---

Mkia wa Kondoo

Mimi ni msomaji tu, nimekuwa kimya. Nilijaribu kuandika yangu nikaacha baada ya siku mbili, nilikosa usingizi kabisa. Ninyi mnawezaje?

---

Bi Mkasi

Ndugu yangu, kuvurugika siku za mwanzo kunajulikana. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwaweka wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi ya wenzao. Ila katika miezi iliyofuata walikwenda mara chache zaidi kwenye zahanati ya chuo.

Lakini yale yalikuwa maandishi ya kutua mzigo, hakuna aliyeyahariri. Riwaya inakutaka urudi kwenye chumba kilekile mara thelathini, uulize kama neno "giza" limerudiwa. Kama usingizi haurudi, acha, ongea na mtu kwanza. Daftari halina haraka, madaftari ya Rhys yalisubiri miaka.

---

Chura Kiziwi

Mleta uzi, nimesoma yote. Ile miwani sijaipenda, imekaa kooni.

Nikuulize moja tu, usikwepe. Mama yako yupo? Amejua kuhusu hizo barua?

---

Koti la Kuazima

Yupo. Nilitaka nisijibu hili, ila umeuliza vizuri.

Macho ya mama yalikuwa yameshaharibika hata kabla sijaondoka, kwa hiyo barua zangu dada ndiye aliyekuwa anamsomea. Mwezi uliopita nilikaa naye nikamsomea sura mbili za kitabu, hiyo ya joho na hiyo ya bibi mwenye nyumba. Nilisoma macho yangu yako chini. Nilipomaliza alikaa muda, akanyoosha kanga magotini, halafu akaniuliza, "Na yule mbwa wa yule bibi, alipona?"

Nikamwambia mbwa gani. Akasema yule aliyekuwa anaumwa mguu, ambaye nilikuwa namfunga bandeji kila jioni, nilivyokuwa namwonea huruma.

Bibi yule hakuwahi kufuga mbwa. Nimezipitia barua zote 31 mara mbili, hakuna mbwa. Nikampigia dada. Alicheka kwanza. Halafu akasema barua zangu nyingine zilikuwa fupi mno, na mama ameshakaa mkao wa kusikiliza, sasa yeye angefanya nini. Ule mwaka niliokaa miezi saba bila kuandika, alikuwa anachukua barua ya zamani, anaifungua mbele ya mama kama imefika leo, anasoma. Mbwa alizaliwa humo. Na kuna harusi moja ya jirani, na mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anakoroma.

Wakuu, nitapotea humu kwa muda kidogo. Dada anakuja Jumamosi, nimemwomba anisimulie yule mbwa tangu mwanzo, na nimenunua daftari jipya.